Ujira wa Shamba Lisilolimwa

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi ya Juni, ukungu umeifunika Matogoro mpaka kiunoni, nami naupanda mlima ule peke yangu nikiwa nimevaa koti zito la mtumba. Mwanangu, hata leo nikifumba macho naisikia harufu ya majani yaliyoloa umande, na miguu inadhani bado inatembea. Uzee ndivyo ulivyo, unachanganya jana na miaka ile.

Ilikuwa miaka ya soko huria, watu binafsi waliporuhusiwa kununua mahindi kwa wakulima na kuyauza wanakotaka. Mimi niliyekulia kwenye jembe nikaliweka chini, nikawa mfanyabiashara. Nilikaa kwenye lori kutoka Songea hadi Namtumbo, nikakaa juu ya magunia, nikakaa dukani. Kukaa kuna utamu wake, nisikudanganye. Lakini niliendelea kula kama mlimaji, na haba na haba hujaza kibaba. Magauni yakaanza kunibana, nami nikawalaumu mafundi.

Daktari akanipima, akaniambia sukari imeanza kupanda na kwamba nisipopunguza uzito mambo yataharibika. Niliogopa sana. Mama yangu mzazi sukari ilimpofua. Alikuwa akiwapapasa wajukuu usoni ndipo ajue huyu ni nani. Mimi nilikuwa na binti mchanga mgongoni, na nilitaka kumwona akikua.

Ndipo nikaanza kutembea. Kila alfajiri nilitoka nyumbani Mfaranyaki hadi Matogoro, na lile koti nililivaa makusudi, maana niliamini kila tone la jasho ni chakula kinachotoka mwilini. Nikirudi nguo zimeloa, nilijisifu kwamba nimeunguza chakula cha siku nzima. Sasa, kwetu jasho lina heshima yake. Watu wakiitwa kulima kwa ujima, mwenye shamba huwapikia, na aliyelima sana hupakuliwa sana. Kumnyima ni aibu. Basi nami nikajipakulia. Togwa kwanza, kisha kiporo cha ugali na maharage, kisha chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga. Nilijiambia, mchumia juani hulia kivulini. Jua lenyewe lilikuwa halijachomoza.

Baada ya muda nikarudi kwa daktari kifua mbele. Mzani ukaonyesha nimeongezeka. Nilirudi nyumbani nikilia njiani bila kujali nani ananiona, maana nilikuwa nimefanya kila nililolijua, na giza la mama nililiona linanijia.

Siku zile shangazi yangu, dada yake baba, akaja kutoka Namtumbo kunijulia hali. Huyo alikuwa na mashamba makubwa, na kwa miaka mingi aliwapakulia wakulima wake kwa mkono wake mwenyewe. Akanikuta nimetoka matembezini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akakaa akinitazama nikila mpaka nikaona haya.

“Leo umelima shamba la nani?” akauliza.

Nikamjibu kwamba sijalima, nimetembea tu.

“Basi mbona unakula ujira wa shamba ambalo halijalimwa? Jasho hilo ni la koti, mwanangu. Livue.”

Nilinuna kutwa nzima, maana ukweli ukisemwa jikoni kwako unauma zaidi. Kesho yake nikaliacha koti. Nikapanda mlima uleule, nikarudi na unyevu kidogo tu kwenye paji la uso. Nikakaa jikoni, ukungu bado uko mlangoni, nikaona jinsi kazi niliyokuwa nikijilipia ilivyokuwa ndogo.

Tangu hapo sahani yangu ikawa ndogo ileile, nitembee nisitembee. Matembezi sikuyaacha; yalinipa pumzi na usingizi mzuri. Siku nilipokwenda kumsaidia shangazi kulima tangu asubuhi hadi alasiri, njaa ilinijia ya kweli, naye akaniongezea ugali bila kuombwa, akaongeza kidogo tu. Uzito ukashuka polepole mno, kwa miezi mingi, mpaka nikasahau kuusubiri. Sukari ikatulia. Binti yangu nimemwona akienda shule, nimemwona akiolewa, na juzi nimemwona na mvi.

Mwanangu, nawaona siku hizi mkikimbia na simu mkononi, nayo inawaambia mmechoma chakula kiasi gani. Simu inakisia tu, kama mimi nilivyokisia kwa jasho, na anayekisia kazi yake mwenyewe hujipendelea. Kimbia, tembea, cheza mpira, moyo na mifupa vitakushukuru. Lakini hesabu ya kukisia isikupakulie. Kama umefanya kazi nzito kweli na njaa imekuja, ongeza kidogo, pungufu ya kile ulichoambiwa umechoma, kisha upe mzani wiki kadhaa ukuambie kama ulipatia. Ukiona unakonda kupita kiasi au nguvu zinakuishia, ongeza tena, wala usijitese. Kujinyima nako kuna ujinga wake. Na kama unaumwa kama nilivyoumwa mimi, msikilize daktari wako kabla hujanisikiliza mimi.

Haya, nenda, kumekucha. Mungu akujalie miguu isiyochoka, njaa ya kweli, na chakula cha kukutosha.