Nilivyosimama Udi Ulipoletwa

Kwa miaka yote hii, kila nilipoulizwa kwa nini nilifunga safari ya Japani peke yangu, nilijibu kwamba nilikwenda kutafuta utamaduni. Jibu lilipendeza, tena lilimfaa mwandishi wa makala kama mimi. Sasa naungama: nilikwenda kwa sababu mama yangu alitaka kuolewa.

Mama alikuwa na miaka sitini na kitu, mjane wa siku nyingi, nasi tukiishi wawili tu Madinat Sultan Qaboos, mjini Muscat. Bwana Khamis, mwenye gereji huko Ghala, naye aliyefiwa na mkewe, alipeleka posa kwa kaka yangu Said. Said aliridhika. Mama pia aliridhika, ila alisema, "Mpaka Salma aseme." Salma ni mimi. Nami, msomi wa chuo kikuu, niliyejaza kurasa kuhusu haki ya mwanamke kuchagua, nilisema ninafikiri. Nilipoulizwa kama ninapinga, niliapa kwamba sipingi. Kisha nikanunua tiketi.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinisindikiza mpaka mlangoni akiwa na mkebe wa halua.

"Usende kwa watu mikono mitupu," alisema. "Na huko uendako fikiri upesi, mwanangu. Mie si kigoli nnaengoja kukua."

Kyoto nilipokewa na Noriko, rafiki yangu tangu tulipokuwa wanafunzi Uingereza. Siku ya kwanza tulikwenda kutazama hekalu mashuhuri. Nilichokiona vizuri ni visogo. Vikundi vya watalii vilifuata vibendera, na bustani ambayo watu husifu utulivu wake ilikuwa na kelele kama soko la samaki.

"Umeridhika na utamaduni?" Noriko aliniuliza.

"Nimeona kofia nyingi."

"Basi kesho twende kwa shangazi yangu. Huko hakuna cha kutazama, kwa hiyo utaona."

Treni ya kwenda huko ilikuwa ya behewa moja. Ilipita mtoni, ikaingia milimani, ikatushusha kwenye kituo kisicho na mtu. Basi likatuchukua mpaka kijiji cha nyumba chache zilizoezekwa nyasi nene, chini ya mapaa yake yakining'inia matunda ya rangi ya chungwa yaliyomenywa ili yakauke. Hakukuwa na kibendera hata kimoja. Nilisikia maji yakipita mferejini, na mbwa mmoja ambaye nadhani alikuwa akibweka kwa kukosa kazi.

Shangazi alitupokea kizingitini kwa kuinama. Nami nikainama. Akainama tena. Mimi niliyelelewa kuulizia hali ya mtu, ya watoto na ya majirani zake kabla sijataja shida yangu, nilijua nimepata kiboko yangu. Kuvua viatu mlangoni sikufundishwa na mtu. Nilipotoa halua, aliikata vipande vidogo, akaileta na chai ya kijani, chungu kama dawa. Sijui nani aliwaambia kwamba kitamu kinataka kichungu pembeni. Nilidhani siri hiyo ni yetu na kahawa yetu. Alikuwa pia ameulizia mapema nisichokula, akapika samaki na mboga, akanionyesha pembe ya chumba iliyo safi kwa ajili ya kusali.

Kesho yake mchana walikuja majirani wawili, wanawake wa makamo yangu. Tuliketi kwenye mikeka, miguu tumeikunja chini yetu. Walisifu nilivyokaa vizuri. Sikuwaambia kwamba nafanya mazoezi mara tano kila siku. Wala sikuwaambia kwamba baada ya muda miguu yangu haikuwa yangu tena.

Shangazi akaleta kikombe kidogo cha majivu laini, ndani yake kaa limefukiwa, na juu yake kibanzi cha udi. Udi wenyewe, huu tunaoujua! Moyo ulinipasuka kwa furaha. Kila mmoja alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa taratibu, akampa mwenzake. Kilipofika kwangu nilikiingiza chini ya mtandio, nikajifukiza shingo na nywele kama mtu anayekwenda harusini, nikakirudisha, nikashukuru sana, nikasimama.

Majirani walishtuka. Mmoja alitazama mkeka, akidhani kaa limeanguka.

"Nimemkosea nini mgeni?" Shangazi alimuuliza Noriko.

Nikaeleza, naye Noriko akitafsiri, kwamba kwetu udi ukishaletwa, mgeni ndiyo ruhusa yake. Hujifukiza, akaaga. Anayeng'ang'ania kukaa baada ya udi husemwa.

Shangazi alifikiri. "Kwa hiyo kitu kizuri kuliko vyote mnawapa watu wanapoondoka?"

"Ndiyo."

"Pole. Sisi ndiyo kwanza tunaanza. Kaa."

Nikakaa. Kikombe kilizunguka tena na tena, kila mara na kibanzi kingine, na hakuna aliyesema neno. Mimi ambaye huchoma udi ili mtaa mzima ujue, nilijifunza kuunusa kama siri.

Baadaye, kwenye chai, Shangazi aliuliza nani ananingoja nyumbani. Nikamweleza habari yote ya mama. Labda ilikuwa rahisi kwa kuwa maneno yalipita kwa Noriko kwanza. Nilimwambia niliyoyachunguza juu ya Bwana Khamis: ukoo wake, watoto wake, sukari yake, presha yake.

"Anamchekesha?" Shangazi aliuliza.

Hilo sikuliuliza.

Jirani mmoja akasema jambo akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Noriko akainamia chai yake.

"Kasema nini?"

"Anasema... mgeni anaogopa kubaki peke yake."

Nilitaka kuapa kwamba siogopi. Miguu yangu iliyokufa ganzi haikuniruhusu kuondoka, nikabaki pale na ukweli wangu. Hakuna aliyenicheka. Shangazi alinijazia kikombe.

Siku ya kurudi alisimama barabarani akiinama mpaka basi likapinda kona. Nilikwenda kwao kujificha. Waliniwekea mkeka, wakanipikia, wakanirudishia akili zangu. Sina namna ya kuwalipa. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kusafiri nusu ya dunia ili aulizwe swali ambalo jibu lake lilikuwa chumba cha pili, nyumbani kwake.

Uwanja wa ndege wa Bangkok, nikingoja ndege ya Muscat, sikuweza kusubiri. Nilinunua kadi ya simu.

"Mama, Bwana Khamis anakuchekesha?"

"We Salma! Umepiga simu kutoka huko kuniuliza hilo?"

"Nijibu, mama."

"Juzi kaja na dada yake. Said yupo, sote tupo. Kasema neno, nkacheka mpaka meno ya bandia yakanidondokea ndani ya kikombe."

"Aibu gani hiyo! Naye akafanyaje?"

"Akatoa yake, akayatia kwenye kikombe chake."

Nilicheka mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Basi mkubalie."

"Umeridhika, au umechoka?"

"Nimeridhika. Nitaona upweke, lakini nimeridhika."

"Haya, fanya hima urudi," alisema mama. "Hina sipakwi na mtu baki."