Twiga Aliyekatisha Likizo Yangu

Siku ya kwanza kazini nilipewa reki, ndoo na kofia, nikaonyeshwa mabanda ya ngamia. Nilikuwa nimetoka Handeni, kwenye josho, yaani lile shimo la maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeshwa kuua kupe, na nilidhani mifugo naijua. Msimamizi wa Mabanda, Msudani mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, aliniona nikimkaribia ngamia kwa ubavuni, akanivuta kwa mkanda wa suruali. "Huyu si ng'ombe," akasema. "Huyu anapiga teke hata kwa pembeni." Semina yangu ya kuajiriwa ikaishia hapo.

Vijana wa hapa Masuguru, Korogwe, wananiita Baba Twiga, na kila anayesikia kwamba nilifanya kazi Uarabuni ananiuliza habari za maghorofa. Maghorofa niliyaona kwa mbali, kama ninyi mnavyoyaona kwenye simu. Mimi nilikuwa kwenye bustani ya wanyama, nje ya mji, pale jangwa linapoanzia. Nimechoka kusimulia vipande vipande barazani, kwa hiyo naandika mara moja tu, anayetaka asome.

Mtu anaweza kudhani mji wa mchanga mtupu hauna mnyama wa kutazama. Wapo, tena watu wanatoka nchi za mbali kuja kuwatazama. Ngamia wa mashindano walikuwa wanatunzwa kuliko baadhi ya watu ninaowajua. Palikuwa na onyesho la kozi, yule ndege wa kuwindia, anayefunikwa macho kwa kikofia cha ngozi ili atulie mkononi, kisha akifunuliwa anaruka juu mpaka wageni wanashika shingo zao. Palikuwa na bwawa la heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Palikuwa na choroa weupe, wenye pembe zilizonyooka, ambao porini walikwisha kabisa wakarudishwa kwa kuzalishwa kwenye mabustani kama yetu. Na palikuwa na jukwaa la mbao ambapo mgeni anamlisha twiga majani mkononi. Wageni tuliwashauri waje asubuhi mapema au baada ya alasiri, maana saa za mchana mchanga ulikuwa unachoma hata ukiwa na viatu.

Kutoka kwa ngamia nilihamishiwa kwa choroa. Huko bosi wangu alikuwa Daktari Mkuu wa Wanyama, mama wa Kihindi, mfupi, mkali kwenye usafi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya fimbo ya shabaha. Ni fimbo yenye mpira nchani. Mnyama anafundishwa kuugusa mpira kwa pua, akigusa anapewa kitu kitamu, na baada ya muda unaweza kumsogeza popote bila kamba wala kipigo. "Mnyama asikujue kwa nguvu zako," alikuwa akisema, "akujue kwa ratiba yako. Ukibadilisha jambo moja, yeye anaona umebadilisha yote." Nilimwitikia ndiyo, Daktari, kila mara. Ningemsikiliza vizuri zaidi, leo nisingekuwa na haya ya kuandika.

Hatimaye nikapelekwa kwa twiga, na huko ndiko nilikozeekea.

Twiga mkubwa wa kike aliitwa Najma. Alizaliwa hukohuko, Afrika hakuijua, na alikuwa mwoga wa kila kitu: puto, mwavuli, kelele za chuma. Kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa moja tu, kuingia ndani. Miezi ya joto, adhuhuri ikikaribia, twiga wote hurudishwa kwenye banda lenye viyoyozi. Asiyeingia anabaki juani, na jua lile linaua hata mnyama mwenye miguu mirefu. Mtunzaji anasimama ndani ya banda, anazungusha gurudumu la mnyororo, lango la chuma linasogea kando, twiga wanaingia mmoja mmoja. Wenzake waliingia kwa mtu yeyote. Najma aliingia kwangu tu.

Nisiseme uongo, nilijisikia. Meneja wa Bustani, mwenyeji wa kule, alikuwa akiwaleta wageni wake nyuma ya banda adhuhuri ili waone. "Bila huyu Mtanzania, haingii," anawaambia, na mimi nafungua lango, Najma anainamisha kichwa anapita karibu yangu, taratibu, kama bibi harusi. Wageni wanapiga makofi. Unakuwa mtu kule, ndugu zangu, wakati kwenye lile bweni lenu la wafanyakazi wewe ni namba ya kitanda.

Lakini sifa hiyo ilikuwa na mdomo wa kula. Likizo zangu za wakati wa baridi zilikuwa salama, maana baridi hakuna haja ya kuingia ndani adhuhuri. Likizo ya wakati wa joto sikuimaliza hata moja, Najma akigoma kuingia napigiwa simu nirudi. Binti yangu Rehema anaolewa, mimi nilikuwa nimeshaitwa, niko njiani kurudi kazini. Mke wangu, Mwanaisha, alifika mahali akawa hafungui hata begi langu vizuri. "Liache," anasema, "watakupigia tu."

Kisha ukaja mwaka wa mama. Mama alikuwa kijijini kwetu Handeni, amelala, anaongea kwa shida, kaka yangu akanipigia nije nimwone angali ananitambua. Nikaomba ruhusa, ilikuwa katikati ya joto. Nilifika, alinitambua. Alinishika mkono akaniuliza kwa Kizigua kama nimekula. Nilikaa naye siku chache tu, nikimgeuza, nikimlisha uji. Simu ikalia. Meneja.

"Amesimama juani tangu jana," akasema. "Tumejaribu watu wote. Daktari anasema siku moja zaidi ataanguka. Rudi, nakuomba kama ndugu."

Hakuniamrisha, na hilo ndilo lililonimaliza. Kaka akasema nikae. Mama, aliyekuwa akisikia, akaniambia, "Nenda, mwanangu. Mnyama hana pa kusemea." Nikaenda. Nilifika bandani, nikaenda kwenye lango, nikafungua, Najma akaingia. Wenzangu wakanikumbatia. Mama alizikwa wiki hiyohiyo na mimi nikiwa nimeshika ufagio.

Nilirudi kazini kesho yake, na keshokutwa. Nilijiambia kwamba kulikuwa na roho moja nyumbani iliyokuwa na watu wa kuishika, na roho nyingine kule isiyo na mtu ila mimi. Miaka yote iliyofuata nililala kwa hesabu hiyo.

Umri wa kustaafu ulipofika, kibali cha kazi hakirefushwi, hata ungekuwa na twiga kumi. Aliyepangwa kushika nafasi yangu alikuwa Bimal, Mnepali mpole, mtu wa kazi. Nilimwonyesha kila kitu: majani anayoyapenda Najma, namna ya kutazama kwato, upande wa kusimama, namna ya kuzungusha gurudumu bila pupa, hata koti langu la kazi nikamwachia ili Najma asikie harufu aliyoizoea. Aliandika yote. Nikapanda ndege, nikashuka Dar, nikapanda basi mpaka Korogwe, nikafika nyumbani. Safari hii Mwanaisha alifungua begi lote.

Joto lilipoanza kule, Bimal akapiga simu ya video. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana, mimi na Mwanaisha tuko uani, yeye anachambua mchicha. Uso wa Bimal ulikuwa umeloa jasho.

"Mzee, haingii," akasema kwa kile Kiarabu chetu cha kazini. "Leo siku ya pili. Nimevaa koti lako. Nimefanya yote."

Sasa nani angenirudisha? Kibali kimekwisha, kazi imekwisha, na Najma amesimama juani. Nikamwambia aiweke simu mahali, nione anavyofanya tangu mwanzo. Mwanaisha akasogea, akachungulia begani kwangu. Hajawahi kumwona Najma ila kwenye picha.

Bimal akaingia bandani, akasimama upande uleule niliomwonyesha, akashika gurudumu, akazungusha taratibu. Lango likalia, likasogea. Kule nje Najma akarusha kichwa juu, akarudi nyuma. Sikuona kosa. Nikamwambia rudia. Akarudia, na bado sikuona kosa.

"Mbona huyo kijana anaingia kimya?" Mwanaisha akauliza. "Hapigi hodi?"

Nilitaka kumwambia kule hakuna mambo ya hodi. Kisha nikamkumbuka mama. Mama yangu hakuturuhusu kuingia popote kimya, hata kwenye zizi la mbuzi. "Usimshtue mwenye nyumba," alikuwa akisema, na mwenye nyumba ni mbuzi. Kabla ya kugusa lango lolote maishani mwangu nimesema hodi. Nilisema siku ya kwanza kwa Najma na kila siku baada ya hapo, bila kujisikia nikisema. Sikumwandikisha Bimal kwa sababu sikujua ni sehemu ya kazi. Nani anafundishwa kupiga hodi?

"Bimal," nikasema, "kabla ya kushika gurudumu, sema hodi."

"Nini?"

"Hodi. Kwa sauti ya kawaida tu."

Akasema, kwa lafudhi ya ajabu. Lango likalia. Najma akasimamisha masikio, akashusha shingo, akaingia ndani, akapita karibu na Bimal vilevile alivyokuwa akipita karibu nami. Bimal akacheka mpaka machozi. Alinishukuru sana, akakata simu akamnyweshe maji.

Mwanaisha alikuwa bado amesimama nyuma yangu na mchicha mkononi.

"Kwa hiyo mwaka ule wa mama," akasema polepole, "ungewaambia kwa simu tu?"

Nikamjibu ndiyo. Akanishika bega, akarudi kwenye mchicha wake.

Ninyi mnaoanza kazi, mkikabidhi, semeni hata lile mnaloona kila mtu analijua. Zaidi ya hapo sina nasaha, nimechoka. Juma lililofuata nilikwenda Handeni. Kaka alinisindikiza mpaka kwenye kona ya makaburi, akaniacha niende peke yangu. Salamu ya makaburini naijua tangu utotoni. Lakini nilipofika kwa mama, neno lililotangulia kutoka lilikuwa hodi, nikasimama pale nikisubiri anikaribishe.