Mafuta Juu ya Nchi ya Wafaranki

Nilikuwa nimeshaanguka mara moja katika somo la falme za kale za Ulaya. Nikianguka tena, chuo kinanitoa, na kibali changu cha kukaa Kanada kinaisha. Kwa mtihani wa marudio, Profesa akaagiza ramani iliyochorwa kwa mkono, na maelezo ya mdomo: kwa nini Wafaranki walipanuka kuliko majirani zao? Aliponiona nimenywea, akaniazima atlasi yake mwenyewe, kongwe, pembeni imejaa maandishi madogo ya penseli.

Kuchora sijui. Lakini shuleni kwetu Kenya nani alichora? Tulipaka karatasi mafuta ya kupikia, tukaianika juani ikauke, ikapitisha mwanga, tukafuatisha ramani ya kitabu. Basi Jumamosi mchana, jikoni kwangu Mississauga, nikapaka. Jua la Januari huku ni la kuangalia tu. Nikaianika kwenye hita, nikachoka kungoja, nikaitandika juu ya atlasi na kukandamiza kalamu.

Nilipoiinua, ala! Ukurasa umelowa kutoka mto Rhine hadi milima ya Pirenei. Nikanyunyiza unga, nikapangusa, nikapuliza. Wapi! Nikaketi sakafuni nikalia, mtu mzima na akili zangu.

Jumatatu, kwenye treni, nilitunga uongo kituo baada ya kituo. Lakini nilipofika ofisini kwake mdomo ukasema kweli: "Profesa, nimekuharibia kitabu."

Akakifungua mezani. Mafuta yalikuwa yameufanya ukurasa wa falme upitishe mwanga, na ramani ya milima na mito ya ukurasa ulio chini yake ikaonekana vizuri kabisa.

"Eleza," akasema.

Nikaeleza. Wafaranki walikaa tambarare, mito ikiwabebea nafaka na askari. Kusini waliwasukuma majirani mpaka Pirenei, na huko milima ikawakinga wale waliovuka. Kidole changu kilifuata doa, na kwa mara ya kwanza somo lile likaniingia.

Akaandika kitu. "Ramani yako ni doa hili. Umefaulu."

Mungu wangu! Nilitaka kumpigia mama simu palepale. "Nitakutafutia nyingine kama hii, Profesa."

Akaifunga polepole, akalipangusa jalada lake kwa kiganja.

"Hutaipata," akasema. "Ilikuwa ya marehemu mke wangu. Ile penseli ni mkono wake."

Nilisimama pale nimefaulu, nisijue niufiche wapi uso wangu.