Imepona Yenyewe

Mwanangu Neema, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nasikia hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mimi. Mimi si mzee, najua. Lakini kwa jambo hili nimezeeka, kwa hiyo kaa unisikilize.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi hapa Hewani likizo. Pampu ya kikundi chetu cha wakulima ilizima, na miche ya mpunga ilikuwa imeanza kuwa njano. Mjomba wako Daudi akaenda Garsen kutafuta fundi. Mimi nikabaki nayo. Nikaukagua mpira unaovuta maji mtoni, nikaona una ufa, unavuta hewa. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaufunga ufa, nikajaza pampu maji, nikavuta kamba. Maji yakaruka!

Akina mama wakaja mbio. "Nani kaitengeneza?"

Unajua nilijibu nini? "Imepona yenyewe."

Niliona aibu tu. Sikutaka waseme najifanya fundi.

Bibi Rahel, mwenye shamba la mwisho, alikuwa anaangalia mikono yangu, imejaa oili hadi viwiko. Akacheka. "Imepona yenyewe! Kwani ilimeza dawa?" Halafu akaacha kucheka. "Wee binti, jioni kikundi kinachagua mtu wa kwenda kufundishwa mashine. Utawaambia hivyo hivyo?"

"Si watajua tu, bibi."

"Watajuaje? Kwa harufu?"

Jioni nikanyamaza. Bibi Rahel alinitazama, akinisubiri niseme. Akachaguliwa Daudi, ambaye hata plagi ya kuwashia injini hakujua iko upande gani. Ufundi nilikuja kujifunza miaka baadaye, kwa kusoma daftari lake la mafunzo, wewe ukiwa mgongoni. Leo pampu ikizima, kuanzia hapa hadi Kulesa, naitwa mimi. Lakini miaka ile hairudi.

Sasa jana mwalimu wako ananiambia kwamba kile kipimo cha mto, ile chupa inayoelea na kuinua kijiti maji yakijaa, ulipoulizwa nani amekitengeneza ulisema, "Tulisaidiana." Na nani, Neema? Siku tatu nilikuona ukingoni na chupa yako, peke yako! Nilichemka, nikatoka nje nikapasua kuni mpaka zikaisha.

Nimetulia sasa. Kesho shuleni wanachagua wa kwenda na kipimo hicho kwenye mashindano ya sayansi Garsen. Yule dada anayechanja ng'ombe wa Waorma, yule anayeendesha trekta Kulesa, hakuna aliyefika pale kwa kuificha kazi yake. Ukisaidiwa, sema umesaidiwa, huo ni uungwana. Lakini kufanya peke yako halafu useme tulisaidiana ni uongo, hata ukiusema kwa sauti ya upole.

Wakiuliza, inua mkono. Sema, "Nimekitengeneza mimi." Wasipokuchagua, rudi nyumbani tule. Lakini wakukatae wakijua ni kazi ya nani.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na mdomo wako usiionee haya.