Buni za Eeddo

Eeddo, dada yake baba, husema hana maradhi ila yale anayopewa na madaktari. Kwa hiyo aliponitaka nimsindikize kwa daktari wa meno hapa Garissa, nilijua mambo yameharibika. Kiswahili chake ni cha sokoni, na habari za kinywa chake alitaka zifasiriwe.

Daktari alikuwa kijana mpole, asiye mwenyeji wa huku. Gego lililomsumbua Eeddo alikuwa amelitibu mwenyewe mwaka uliopita, akaliziba kwa kizibo cha rangi ya jino kwa sababu Eeddo alikataa katakata kutiwa chuma kinywani. Sasa alimulika, akagusagusa. Jino lilikuwa zima, lakini kizibo kilikuwa kimelika katikati kama kisahani. Alinieleza kwamba kile ni plastiki ngumu yenye chembe ndogo za kioo ndani yake. Plastiki ikisagika, chembe hukosa pa kushikilia, zikabanduka. Lakini hiyo ni kazi ya miaka mingi. Akauliza mama anakula nini.

Eeddo alijibu bila kupepesa macho: mkate laini wa anjera, maziwa, na wali ulioiva sana. Nikafasiri hivyo hivyo nikitazama ukutani, maana ninaishi naye. Kila alasiri hukaanga buni kwa samli, akazitafuna na maganda yake. Wageni huonja kidogo kwa heshima. Yeye humaliza bakuli, na ukiwa uani unamsikia.

Daktari akaanza kujilaumu. Pengine hakulikausha jino vizuri, pengine ile taa ya kugandisha haikukaa vya kutosha. Akaomba radhi. Eeddo aliniuliza kijana anasema nini, nikamwambia. Nimemwona akibishana na masheikh asirudi nyuma hata hatua moja, lakini pale alimtazama yule kijana, akajiinua kitini na kusema mwenyewe.

"Pole, daktari. Wewe hapana kosa. Mimi nakula buni."

"Si kahawa hiyo, mama? Ya kunywa?"

"Ya kutafuna."

Daktari akanigeukia, akauliza mbona sikumwambia. Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa mkalimani tu. Alicheka mpaka akashusha barakoa.

Alikiondoa kizibo kile, akaweka kipya cha aina inayostahimili zaidi kusaga, akamng'atisha karatasi ya rangi aone meno yanapogongana, kisha akapalainisha. Alimwonya kwamba hicho nacho kitalika buni zikiendelea, basi angalau atafune kwa upande wa kushoto. Eeddo alikubali kila kitu, jambo lililonitia wasiwasi.

Kesho yake alinituma nimpelekee daktari kopo la buni. Kijana alitia moja mdomoni, akaisukuma huku na huku kwa muda mrefu, akaniagiza nimwambie mama ni tamu sana. Nilimfikishia salamu. Sikumwambia kwamba aliimumunya tu.

Kizibo kipya kipo hadi leo. Siku hizi analalamikia upande wa kushoto, na anasema kosa ni la daktari aliyeuchagua.