Besi Mlilosema Halipatikani

Jumatatu. Asubuhi manyunyu, barabara utelezi.

Wanachama wa klabu ya muziki, leo nusura niuziwe gitaa la kawaida kwa jina la besi.

Mlisema nikileta besi, nitapiga mimi. Mkacheka.

Nimekwenda Ikwiriri kwa Bwana Sefu, muuza vitu vikuukuu. Akanitolea gitaa la nyuzi nne.

"Besi hilo, mwalimu. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Nyuzi nne kweli, lakini kichwani mwake matundu sita, kama ya gitaa la kawaida, mawili yamezibwa kwa nta.

Nikatoa kamba niliyopimia besi letu lililovunjika. Gitaa lake likapungua shubiri nzima.

"Ala, gitaa unalipima kama kanga?"

"Na kanga fupi sinunui, Bwana Sefu."

Wateja wakacheka. Yeye akanuna, akavuta gitaa refu kutoka nyuma ya magunia ya ufuta. Halikuwa na uzi hata mmoja.

"Basi chukua hilo bovu."

Matundu manne. Kamba ikaenea sawasawa. Nikalipa kabla hajabadili nia.

Nyuzi za besi letu la zamani nilizitunza, na jioni hii nimezifunga.

Mazoezi ni Alhamisi, saa kumi. Nitapiga mimi.

Nabandika hapa ubaoni. Anayepinga aandike chini, na jina lake.

Mwalimu Zuhura