Dakika Thelathini na Tano

Mzee Sabiti aliendesha malori miaka thelathini na minne. Ukimtajia umbali, yeye anakutajia saa. Hata alipolala kitandani nyumbani kwake Kagongwa, mapafu yamechoka, swali lake kwa mkewe Chausiku lilikuwa moja tu.

"Mwanao kafika wapi?"

Mwana ni Abdulwahab, fundi mitambo, aliyeitwa aje kumwona baba yake. Alianzia mgodini karibu na Segese, kisha akachukuliwa na Wazungu mpaka kwenye mgodi wa almasi, kaskazini kabisa ya Kanada, ambako barabara hakuna. Kutoka mgodini ni kindege hadi kiwanja kingine hukohuko porini, ndipo upate ndege kubwa ya kuja kwa watu.

Jumamosi, Shamimu, kitinda mimba wao, aliwasomea kwenye simu. "Kiwanja hadi kiwanja kilomita mia na ishirini. Dakika thelathini na tano."

Sabiti alicheka hadi akakohoa. "Si Runzewe hiyo! Naenda, nashusha mzigo, narudi kula mchana. Mama Abdu, Jumatano huyo yuko hapa."

Chausiku akautangazia mtaa mzima: Jumatano. Akatandika godoro, akaagiza mchele. Na Chausiku akishasema, kasema.

Jumapili Abdulwahab akapiga. Tufani ya theluji, kindege hakiruki. Jumatatu vilevile. Jumanne vilevile.

"Mama, begi liko mgongoni tangu juzi."

"Kwani miguu huna?"

"Huku ukitoka nje kidogo tu umekufa, mama."

Chausiku hakumwambia mumewe. Aliona akimwambia, mzee ataacha kusubiri.

Jumatano Sabiti akauliza tena, sauti imebaki uzi. "Kafika wapi?"

"Amesharuka."

"Dakika thelathini na tano," akasema mzee, akafumba macho kama abiria aliyeridhika na dereva. Alhamisi asubuhi, kijiko cha uji kikiwa mdomoni, akakata roho.

Simu ya Abdulwahab haikupatikana. Masele, aliyekuwa utingo wa Sabiti tangu ujana, akamsogelea mjane. "Mayu, mama yangu, tumsubiri kijana. Hata siku tatu."

"Wewe Masele! Lini Sabiti alimsubiri abiria?"

Masele akaenda kuwaambia wachimba kaburi. Nafasi ya mwana, ya kushuka kaburini kumpokea baba yake, ikapewa mpwa.

Baada ya swala ya alasiri wanaume waliinua jeneza, wakianza tahlili. Chausiku akabaki kizingitini. Wala halijafika mbali, Shamimu akamletea simu mbio, analia; Abdulwahab yuko hewani.

"Mama! Nimevuka! Kweli dakika thelathini na tano tu! Mwambie baba!"

Chausiku alitazama barabarani. Kitambaa cha kijani cha jeneza kilikuwa kinapita mbele ya duka la Hozefa.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Ndio hao wanampitisha."

Akanyoosha mkono wenye simu kuelekea sauti za wanaume wale, na hakuushusha, hata walipokata kona, hata waliposikika kwa mbali, hata waliponyamaza.